Komwe Kumi na Nane

Mwanasaumu alikuwa na kazi tatu kila alasiri akitoka shule, na mama yake hakumruhusu kwenda kucheza kabla hajazimaliza. Ya kwanza ilikuwa kufua kola ya sare. Ya pili ilikuwa kukuna nazi. Ya tatu, ambayo yeye mwenyewe hakuiita kazi, ilikuwa kwenda kwa mjomba wake Matano, nyumba ya pili kutoka kwao pale Mtongwe, kumpimia mishale.

Kwa watu wa kwao, mjomba si mgeni wa kuonekana siku ya Idi. Mtoto akiumwa, akiposwa au akikosa adabu, mjomba ndiye huulizwa kwanza. Mjomba Matano hakuwa na mtoto wake mwenyewe, kwa hiyo penzi lake lote lilimwangukia Mwanasaumu, na msichana huyo wa darasa la sita alilijua hilo na kulitumia vizuri. Akitaka kalamu mpya, alijua pa kwenda.

Zamani mjomba alikuwa kuli bandarini. Siku moja kamba ya chuma iliukamata mkono wake wa kulia, na tangu hapo vidole vyake vitano vilikuwa vimekufa ganzi. Aliporudi nyumbani alishika kazi ya babu yake, kuchonga nyuta na mishale ya kulindia mashamba. Mkono wa kushoto aliufundisha kushika kisu, ukajifunza. Kitu kimoja tu ulikataa kujifunza: kujua uzani. Mchonga mishale mwenye mikono mizima huuweka mshale kiganjani akajua papo hapo ni mzito au mwepesi. Mjomba akiuweka kiganja cha kulia alikuwa kama ameweka hewa, na cha kushoto kilibahatisha tu.

Ndipo akatengeneza mizani. Alichukua vifuu viwili vya nazi, akavitoboa, akavining'iniza kwa kamba kwenye ncha mbili za ufito. Kifuu kimoja kilibeba mshale, na kingine kilibeba komwe, zile mbegu za kijivu ngumu ambazo watu huchezea bao. Komwe zake zilikuwa kumi na nane na zilikaa ndani ya kikoba cha ukindu juu ya kitanda. Vidole vya Mwanasaumu ndivyo vilivyozihesabu na kuushika ufito utulie.

"Mshale wa kanga ni komwe tisa," mjomba alimfundisha tangu akiwa darasa la tatu. "Kanga ni mwepesi, na mshale wake uwe mwepesi, ufike upesi. Siku hizi kuwinda kumekatazwa, kanga amestarehe. Lakini nguruwe anayekuja kula mahindi yetu ni habari nyingine. Wa nguruwe ni komwe kumi na nane. Yule hujigaragaza topeni, tope likakauka. Chini ya tope pana ngozi, chini ya ngozi pana mafuta. Ukimpiga kwa mshale mwepesi utamfikia, lakini hutamwingia. Utakuwa umemwamsha tu."

"Na nikiufanya mzito zaidi, mjomba?"

"Utaanguka njiani, na nguruwe akiutazama."

Mwanasaumu alicheka. Mjomba naye alicheka, kisha akaushika mkono wa mpwa wake kwa mkono wake mzima. "Wewe ndiwe mkono wangu wa kulia, Saumu. Mimi nachonga, wewe unapima. Ukisema sawa, mimi nasema sawa."

Mwaka huo wa tisini na moja mvua ya masika ilikuwa njema na mahindi yalisimama marefu. Nguruwe nao hawakuambiwa na mtu. Walitoka vichakani karibu na mikoko alfajiri baada ya alfajiri, wakaangusha mahindi na kufukua mihogo. Wazee walikwenda kwa chifu, naye akasema mwenye shamba hazuiwi kulinda chakula chake. Wakakubaliana kwamba Kenga alinde na mjomba Matano amchongee mishale sita.

Kenga alikuwa jirani yao, mkwezi wa minazi, na mlenga shabaha asiye na mfano mtaani. Alipanda mnazi huku akiimba na kushuka huku akiimba, na wenye minazi walimgombea. Waislamu wa mtaa walimtania kwamba analinda mahindi kwa tamaa ya nyama, naye hakukataa. "Nyinyi kuleni ugali," aliwaambia, "kitoweo niachieni mimi." Binti yake, Nyamvula, alisoma darasa moja na Mwanasaumu na walikaa dawati moja.

Nyamvula alikuwa hodari kwa bao. Nyuma ya darasa watoto walichimba vishimo mchangani, wakacheza wakati wa mapumziko, na mshindi aliondoka na komwe za mwenzake. Jumatatu ya juma lile Nyamvula alimaliza komwe zote za Mwanasaumu na kumcheka mbele ya darasa zima. Hakumcheka kwa ubaya. Lakini kicheko cha rafiki mbele ya watu huuma kuliko cha adui, na Mwanasaumu usiku hakulala vizuri.

Jumanne asubuhi alipita kwa mjomba kumwamkia. Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba akitia udhu. Kikoba kilikuwa juu ya kitanda.

"Nazichukua kumi tu," Mwanasaumu alijiambia. "Nitashinda, nizirudishe jioni. Hata hatajua."

Hakushinda. Saa nne na nusu komwe zote kumi zilikuwa ndani ya kopo la Nyamvula, na Nyamvula alikuwa akisema, "Leo zako nzuri, zinang'aa. Umezitoa wapi?"

"Nyumbani," alijibu Mwanasaumu.

Angeweza kusema wakati ule. Angeweza kumwambia rafiki yake, nirudishie, si zangu. Aliona haya. Jioni aliteremka ufukweni, mahali komwe huletwa na maji na kulala kwenye mstari wa majani makavu, akaokota kumi. Alichagua zenye rangi ileile na ukubwa uleule. Alikumbuka kwamba mjomba aliwahi kumweleza jambo juu ya komwe na beseni la maji: kwamba zile za kwenye mizani alizichagua moja moja, na zisizozama alizitupa kwa kuwa ni nyepesi. Alilikumbuka vizuri. Lakini jua lilikuwa linakwenda, maji ya chumvi huinua hata komwe nzito, na kisima kilikuwa mbali. "Komwe ni komwe," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza, akazitia kwenye kikoba.

Siku ya pili walipima mishale ya Kenga. Mwanasaumu alihesabu komwe kumi na nane ndani ya kifuu. Mjomba akaweka mshale wa kwanza upande wa pili. Upande wa mshale ukashuka.

"Mzito," alisema Mwanasaumu.

Mjomba akauchukua, akauparura kwa kisu, akaurudisha. Ukashuka tena. Akauparura tena. Mshale wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Chembechembe za mti zilijaa miguuni pake.

"Ajabu," alisema mjomba. "Fito hizi nimezikata palepale ninapozikata miaka yote. Mbona mwaka huu nzito? Umehesabu sawasawa, mpwangu?"

"Ndiyo, mjomba. Kumi na nane."

"Basi fito zimekunywa mvua." Akaendelea kuparura. Hakuwa na shaka hata chembe, na jambo hilo lilimchoma Mwanasaumu kifuani, lakini mdomo wake ulikaa umefungwa mpaka mshale wa sita ukatulia sawa na komwe.

Jumamosi mapema mama alimtuma Mwanasaumu kumpelekea Kenga uji shambani. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Kenga alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia, akamwona msichana anakuja na akashuka na uta wake na mshale mmoja kumpokea. Alikuwa ameshika kikombe, hajanywa hata funda, wakati mahindi yalipotikisika hatua thelathini kutoka hapo, na nguruwe dume akatoka, tope limemkauka mgongoni.

"Panda juu," Kenga alimwambia kwa sauti ya chini. "Panda, mwanangu, usikimbie."

Mwanasaumu akapanda mpaka karibu na jukwaa. Kutoka juu aliona kila kitu, na afadhali asingeona. Kenga aliweka kikombe chini bila kumwaga uji. Alichukua uta, akavuta upote mpaka shavuni, akaachia. Mshale ulikwenda mbio na umenyooka, ukampiga nguruwe ubavuni, nyuma kidogo ya bega, palepale panapotakiwa. Ulisimama pale ukitikisika, kisha ukaanguka chini wenyewe.

Nguruwe hakuanguka. Aligeuka.

Kenga alikuwa na nafasi ya kukwea dungu, lakini ngazi ilikuwa moja na Mwanasaumu alikuwa bado kwenye kipago cha juu, amekwama kwa woga. Kenga hakumsukuma. Alisimama chini yake na kumzuia nguruwe kwa uta mtupu. Meno yakamchana mguu nyuma ya kifundo. Watu waliposikia yowe walikuja na mapanga na madebe, nguruwe akatimkia vichakani, na Kenga akabaki ameketi mchangani akiutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

Walimpeleka feri kwa mkokoteni, wakamvusha maji, wakamfikisha hospitali ya mjini. Alilala huko wiki tatu. Aliporudi alikuwa na mkongojo, na habari aliyokuja nayo ilikuwa fupi. Kano kubwa ya nyuma ya mguu ilikuwa imekatika. Angetembea kwa kuchechemea, lakini mnazi hangeupanda tena maisha yake.

Mtaa haukosi la kusema. Kwenye kibaraza cha duka wengine walisema Kenga alitetemeka mkono. Lakini wengi walimwelekea mjomba Matano. Mshale ulioanguka ulionwa na watu, na damu yake ilikuwa imeishia kwenye kigumba tu, kile chuma cha mbele. Kwenye mti haikufika. "Mshale ule ni wa kuulia njiwa," alisema mmoja. "Matano mkono wake umekufa, na sasa jicho nalo limeufuata. Ndiye aliyemlemaza Kenga." Maneno hayo hayakukawia kumfikia mwenyewe.

Mjomba aliacha kwenda kibarazani. Alikaa chumbani na ule mshale magotini, akiupitisha kwenye kiganja kisichohisi kitu, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mwanasaumu alipomletea chakula alikirudisha kama kilivyo. Alikonda. Siku moja Mwanasaumu alimsikia akimwambia mama, "Dada, mimi nimeutoa mguu wa mtu. Mtu mwenye watoto. Heri kamba ile ya bandarini ingenichukua mwenyewe."

Na Nyamvula hakuja tena shule. Mama yake alianza kufulia watu nguo, naye akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Dawati likawa pana. Mwanasaumu alikaa peke yake, na kila mwalimu alipoita majina na kufika kwa Nyamvula, alitamani ardhi ipasuke. Aliogopa kipigo, ndiyo. Lakini alichoogopa zaidi ni uso wa mjomba siku atakapojua kwamba mkono wake wa kulia ndio uliomdanganya.

Alhamisi moja alasiri aliona moshi nyuma ya nyumba ya mjomba. Mjomba alikuwa amewasha moto na alikuwa akitia fito ndani yake, moja baada ya moja, bila haraka. Nyuta mbili zilikuwa tayari zinaungua. Mizani ya vifuu ilikuwa kando ya mguu wake, ikingoja zamu.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nafunga kazi, mwanangu. Mtu asiyejua uzani asiwachongee watu silaha."

Akanyoosha mkono kuichukua mizani. Mwanasaumu akaikamata kwanza. Alikuwa akilia tayari. Alikimbilia ndani akatoka na kile kikoba, akavuta beseni lililojaa maji ya kuoshea vyombo, akakigeuza kikoba juu yake.

Komwe zilianguka majini. Nane zilizama, zikalala chini. Kumi zilielea.

Moto ulilia, na mahali fulani mtoto mchanga alikuwa akibembelezwa. Mjomba alipiga magoti, akaigusa komwe moja kwa kidole, ikazama kidogo, ikarudi juu.

"Zangu ziko wapi?" aliuliza.

"Nilizichezea bao, mjomba. Nikashindwa. Nikaokota hizi ufukweni." Maneno yalitoka yamekatikakatika. "Nilijua hujazipima. Nilijua. Uliponiuliza nimehesabu, nilisema kumi na nane. Zilikuwa kumi na nane kweli."

"Zilikuwa kumi na nane kweli," mjomba alirudia polepole.

Mwanasaumu alingoja kofi. Halikuja. Mjomba alifunika uso kwa mikono yake miwili, ule mzima na ule mfu, na mabega yakamtikisika. Mwanasaumu hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya maziko ya bibi. Wallahi, kofi lingekuwa rahisi.

Kisha mjomba akasimama, akavaa kofia yake. "Zangu anazo nani?"

"Nyamvula."

"Nyamvula wa Kenga?" Akatangulia njia, akasema, "Twende. Na utasema wewe, si mimi."

Kenga alikuwa ameketi nje ya nyumba, mguu ameunyoosha juu ya kinu kilicholazwa. Mbele yake palikuwa na minazi saba mirefu, na nazi zilikuwa zimekomaa bila mtu wa kuziangua.

"Shikamoo, baba Nyamvula," alisema Mwanasaumu.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Matano, mbona umekonda hivi?"

Mwanasaumu akasema yote, kuanzia kicheko cha nyuma ya darasa mpaka beseni la maji. Nyamvula alikuwa mlangoni na mdogo wake mgongoni, akisikiliza. Kabla mwenzake hajamaliza, aliingia ndani. Alirudi na kopo, akapiga magoti mbele ya baba yake, akachagua komwe kumi zinazong'aa kuliko nyingine, akazitia kwenye kiganja cha baba.

"Zilikuwa humu ndani, baba," alisema. "Siku zote zilikuwa humu ndani."

Kenga aliufunga mkono. Akaupimapima juu chini kidogo, kwa vidole vya mtu aliyeshika makuti maisha yake yote, na wote wakaona kwamba anahisi uzito wake. Aligeuza uso upande wa minazi.

"Nilidhani ni mimi," alisema mwishowe. "Wiki zote hizi. Nilikuwa nikilala nikijiuliza, Kenga, ulivuta vibaya wapi?"

"Nisamehe, baba," alisema Mwanasaumu.

"Leo siwezi, mwanangu. Usinilazimishe. Mguu bado unaniuma." Hakusema kwa ukali. "Lakini umekuja. Hilo nimeliona."

Siku iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, mjomba Matano alisimama kibarazani na kuwaambia watu kwamba Kenga hakutetemeka, na kwamba mishale ilikuwa miepesi kwa sababu mizani ilikuwa na komwe za uongo. Alisema mizani ni yake na aibu ni yake. Mwanasaumu alikuwa amesimama nyuma yake, kwa sababu alitakiwa awepo. Watu wakamtazama.

Jioni hiyo mjomba alimwita. "Kuanzia kesho utachota maji ya nyumba ya Kenga kabla ya shule, mpaka Nyamvula arudi darasani, na hata akisharudi. Kuhusu mizani, Kenga ana vidole vinavyojua uzani, na hawezi tena kupanda. Nimemwomba tufanye kazi pamoja, tugawane nusu kwa nusu. Ndiye mkono wangu wa kulia sasa."

Mwanasaumu aliitikia kwa kichwa. Alijua ni haki. Alikwenda nyuma ya jiko la mama yake akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Akachota maji. Alichota Juni yote na Julai yote. Mwezi wa pili wa kuchota, Nyamvula alirudi shule, kwa kuwa mishale mizito ilikuwa imewatisha nguruwe na wakulima wa mbali hadi Shika Adabu walikuwa wakija kuagiza yao na kulipa. Siku ya kwanza aliketi mwisho wa dawati. Siku ya nne alisogea kidogo. Bao hawakucheza tena.

Asubuhi moja, Mwanasaumu akitua debe uani kwa Kenga, aliwakuta wale wanaume wawili na mizani yao. Kenga alikuwa ameinua macho kwenye minazi yake, kama alivyofanya kila asubuhi. Mjomba aliokota komwe moja kutoka kwenye rundo jipya akamnyooshea mpwa wake, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Saumu, hii inazama au inaelea?"

Mwanasaumu aliitazama. Ilikuwa nzuri, ya kijivu, inang'aa. "Sijui, mjomba," alisema. "Mpaka niitie majini."

Mjomba na Kenga wakatazamana. Kenga alisogeza makalio akamwachia nafasi mkekani.

"Keti," alisema mjomba. "Na sikia, nitakwambia mara moja tu. Siku ile ungekuja ukaniambia, mjomba nimezipoteza komwe, ningekukemea, kisha tungekwenda kisimani pamoja tukachagua nyingine, na jioni tungecheka. Kosa lako lilikuwa la thamani ya komwe kumi. Ulipolificha ndipo lilipokua, na mimi nikalichonga kwa kisu changu bila kujua, na mwenzetu akalilipa kwa mguu wake. Uongo si lazima mtu aseme neno la uongo, mwanangu. Ulinihesabia sawasawa. Anayekuamini hakupimi tena, ndiyo maana ukimdanganya yeye ndiye anayeumia."

"Nimesikia, mjomba."

Kenga akasukuma beseni karibu naye kwa ncha ya mkongojo. "Haya, anza," alisema. "Zinazoelea tupa mbali."